Bunduki Mkononi mwa Raia: Nani Anadaiwa Usalama?

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika miji ya Thika na Ruiru, ufa wa usalama umekuwa ukipanuka pamoja na miji yenyewe. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu zaidi ya 238,000 mjini Ruiru. Sensa ya mwaka 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Idadi hiyo imezidi maradufu katika muda wa miaka kumi. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, imeotesha nyumba za ghorofa mahali palipokuwa na mibuni, na wafanyakazi wa Nairobi wamepata pa kulala kwa kodi nafuu. Hata hivyo, katika mitaa mingi taa za barabarani na vituo vya polisi havikufuata kwa kasi iyo hiyo. Anayeshuka matatu usiku huko Kimbo, Githurai au Makongeni huanza kwa kutazama nyuma kabla ya kutazama mbele.

Katika hali hiyo si ajabu kwamba mjadala wa raia kumiliki bunduki umepata masikio. Wapo wanaodai kuwa mwananchi mwema aruhusiwe kwa wepesi zaidi kununua bastola ili ajilinde, alinde aila yake na mali aliyoichuma kwa jasho. Wapo pia wanaoamini kuwa kila bunduki inayoongezwa katika jamii ni kuni inayoongezwa katika moto. Makala haya yanazipima hoja za pande hizo mbili na kushikilia msimamo mmoja: usalama ni deni ambalo dola inadaiwa na kila raia, na bunduki ya mtu binafsi hailipi deni hilo. Hulihamisha tu kutoka kwa dola hadi kwa yule mwenye uwezo wa kulipa, na kumwacha asiye na uwezo akiwa mtupu zaidi ya alivyokuwa.

Sheria inasema nini?

Ni muhimu kwanza kuondoa dhana iliyoenea kutokana na filamu na habari za Marekani. Nchini Marekani haki ya kuwa na silaha imo katika katiba tangu mwaka 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi. Nchini Kenya hakuna haki kama hiyo. Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhai katika kifungu cha 26, na katika kifungu cha 29 inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa umma au kwa watu binafsi. Haitaji popote haki ya raia kubeba bunduki.

Sheria ya Silaha, yaani Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, huichukulia bunduki kuwa ruhusa. Anayeomba sharti aonyeshe sababu nzuri ya kuihitaji, na wenye mamlaka waridhike kuwa ruhusa hiyo haitahatarisha amani. Mlevi wa kupindukia na mtu asiye na akili timamu hawastahili kupewa. Ruhusa yenyewe huisha muda na sharti ihuishwe. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa nchini Kenya si kama serikali inampokonya raia haki yake. Swali ni kama ruhusa hii inatolewa kwa busara, na kwa nani.

Ilivyo katika maandishi sivyo ilivyo daima katika utendaji. Mwezi wa Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya kutoa leseni za bunduki na kuagiza wamiliki wote wa bunduki nchini wakaguliwe upya. Serikali haingelazimika kuwakagua upya watu wote iwapo ingekuwa na imani na leseni zilizokwisha kutolewa. Agizo hilo lenyewe lilikuwa ungamo kuwa mlango wa mbele haukuwa na bawabu wa kuaminika.

Bunduki katika historia ya Thika na Ruiru

Mjadala huu haukuanza na barabara kuu wala na nyumba za ghorofa. Wakati wa ukoloni, walowezi waliomiliki mashamba ya kahawa na katani kati ya Ruiru na Thika walikuwa na bunduki zao, na Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wengi wao walitembea na bastola viunoni. Mwafrika aliyepatikana na silaha au risasi aliweza kuhukumiwa kifo. Waafrika waliokabidhiwa bunduki ni wale tu waliokula kiapo cha utiifu kwa serikali. Bunduki iligawanywa kwa kufuata rangi na utiifu, na yeyote aliyenyimwa alielewa kuwa uhai wake ulithaminiwa kwa kiwango kingine.

Tarehe 18 Februari 1957, Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti, mwendo mfupi kutoka Ruiru. Kosa alilohukumiwa kwalo lilikuwa kupatikana na bastola na risasi bila idhini. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipokea kwa jina la Mzalendo Kimathi, inamwonyesha mwanamke akisafirisha bunduki iliyofichwa ndani ya mkate. Ishara hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu kwa mwanafunzi wa fasihi: kwa watu walionyang'anywa ardhi, silaha na chakula vilikuwa kitu kimoja.

Kuna wanaoitumia historia hii kutetea umiliki wa bunduki leo. Husema kuwa uhuru wa Kenya ulipatikana kwa bunduki, kwa hiyo raia aliyenyang'anywa bunduki ni raia aliyenyang'anywa uhuru. Hoja hii ina mvuto, lakini inachanganya mambo mawili. Bunduki ya msituni ilibebwa kwa niaba ya umma dhidi ya utawala ambao umma haukuuchagua. Bastola inayolazwa chini ya mto katika jumba la kifahari hubebwa kwa niaba ya mtu mmoja dhidi ya jirani yake maskini anayemshuku. Kama inafanana na bunduki yoyote ya miaka ya hamsini, inafanana zaidi na ile ya mlowezi.

Hoja za wanaotetea umiliki

Haifai kuzibeza hoja za upande wa pili, kwani baadhi yake zina uzito. Ya kwanza ni ile ya Westgate. Magaidi walipovamia jengo hilo la maduka jijini Nairobi tarehe 21 Septemba 2013 na kuwaua watu 67, miongoni mwa walioingia mapema kuwaokoa wanunuzi walikuwamo raia wenye bunduki za leseni. Kuna watu wanaoishi leo kwa sababu raia hao hawakungoja. Ukweli huo haupingiki na ujasiri wao unastahili heshima.

Hoja ya pili ni kuwa jambazi haombi leseni. Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey yenye makao Geneva ilikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000, na kuwa zilizosajiliwa zilizidi 8,000 kwa uchache tu. Kwa kila bunduki moja iliyosajiliwa, zilikuwapo takribani tisini ambazo hazikujulikana. Nyingi ya silaha haramu katika eneo hili zina asili yake katika kuanguka kwa dola na vita vya majirani: ghala la silaha la Moroto lililoporwa Idi Amin alipong'olewa mwaka 1979, kusambaratika kwa serikali ya Somalia mwaka 1991, na vita vya Sudan. Thika imeketi kwenye njia panda ya barabara mbili, moja ikienda Isiolo na Moyale, nyingine ikienda Garissa. Mji ulio mahali kama hapo hauwezi kujifanya kuwa vita vya jirani havimhusu. Watetezi huuliza: kwa nini raia mtiifu awe mtupu ilhali mhalifu amejihami?

Hoja ya tatu hutolewa kwa methali: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Na anayekataliwa huongezewa nyingine, kuwa mtoto akililia wembe mpe. Maana yake ni kwamba mtu mzima aachiwe atakacho, na kikimdhuru atajifunza.

Hoja hizo zinajibika

Tukio la Westgate lilikuwa la nadra, na waliookoa watu walikuwa na ujuzi wa silaha ambao mnunuzi wa kawaida hana. Uhalifu wa kila siku wa Thika na Ruiru ni wa namna nyingine. Mwenye duka anayefunga biashara saa tatu usiku, au mwenye gari anayengoja lango lifunguliwe, hushtukizwa na mtu aliyekwisha kuchagua saa, mahali na upande wa kujia. Katika hali hiyo bastola iliyo kiunoni huwa na nafasi ndogo ya kutumika na nafasi kubwa ya kunyakuliwa. Nyumba inayojulikana kuwa na bunduki nayo huwa na kitu kimoja zaidi cha kuibwa. Bunduki halali ya leo inaweza kuwa bunduki haramu ya kesho bila kutoka nje ya Kaunti ya Kiambu.

Pili, bunduki huishi nyumbani muda mrefu kuliko inavyoishi katika mapambano na majambazi. Huishi pamoja na ugomvi wa ndoa, madeni, wivu, pombe na msongo wa mawazo. Marekani, ambako bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, zaidi ya nusu ya vifo 48,830 vilivyosababishwa na bunduki mwaka 2021 vilikuwa vya watu waliojiua. Mwenye kununua silaha humfikiria mwizi. Hamfikirii yeye mwenyewe katika usiku wake mbaya kuliko yote.

Hapa kuna watakaosema kuwa mafunzo ndiyo kinga. Mifano ya karibu inakanusha. Mwezi wa Julai 2021, nchi nzima ilifuatilia msako wa afisa wa polisi aliyeshukiwa kumuua mwanamume mmoja Nakuru na mwingine katika chumba cha hoteli huko Juja, kati ya Ruiru na Thika, kabla ya yeye mwenyewe kupatikana amekufa. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo, afisa mwingine huko Kabete alimpiga risasi mkewe na watu wengine kadhaa kisha akajiua. Hao walikuwa watu waliofunzwa kuitunza silaha na kuiheshimu. Ikiwa mafunzo ya chuo cha polisi hayakutosha kuizuia hasira, haielekei kwamba cheti cha mafunzo ya siku chache katika uwanja wa shabaha kitatosha.

Tatu ni suala la tabaka. Bastola si bei ya mfanyakazi wa kiwandani Thika, wala ya mama muuza mboga katika soko la Ruiru, wala ya mwendeshaji wa bodaboda. Hata bawabu anayelinda lango la tajiri hukesha na rungu na tochi. Sera ya kuwarahisishia raia umiliki wa bunduki ingemlinda mwenye nyumba aliyelala na kumwacha mlinzi aliye macho. Na tajiri akishajilinda kwa fedha zake, hatakuwa tena na sababu ya kudai taa za barabarani, polisi wa doria na mahakama zisizonunulika. Sauti yenye nguvu zaidi katika kuidai serikali itakuwa imenyamazishwa kwa bastola, bila hata risasi moja kufyatuliwa.

Ama kuhusu methali ya wembe, mantiki yake haifai hapa. Mtoto akipewa wembe hujikata mwenyewe, akalia, akajifunza. Anayepewa bunduki huweza kumkata mwingine. Maumivu huwa ya mmoja na funzo huwa la mwingine, ikiwa funzo litakuwapo. Wahenga waliotunga methali hiyo walizungumzia chombo kisichofika mbali kuliko mkono wa anayekishika.

Bunduki ya dola

Liko swali moja gumu kuliko hayo yote. Usalama ukiwa deni la dola, raia afanye nini dola yenyewe inapokuwa chanzo cha hofu? Usiku wa tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, milio ya risasi ilitanda Githurai, katika eneo la Ruiru, na hadi baadaye idadi ya waliokufa huko ikabaki kuwa jambo la ubishi. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba, msichana wa miaka 12 aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya nyumba yao huko Ndumberi, Kiambu. Katika wiki zizo hizo, Waziri wa Usalama wa Ndani alizungumza hadharani kuhusu kuwapiga risasi wanaovikaribia vituo vya polisi kwa nia mbaya, naye Rais akasema wanaoharibu mali wapigwe risasi ya mguu. Kauli za viongozi hazibaki hewani. Zinapopunguza uzito wa kufyatua risasi, humfunza polisi, na humfunza pia raia mwenye leseni.

Hata hivyo, jibu la swali hilo haliwezi kuwa bastola kwa kila nyumba. Bunduki kabatini mwa wazazi wa Ndumberi isingeizuia risasi ile. Raia wa Githurai wangekuwa na silaha usiku ule, mauaji yangepewa jina la vita, na wafu wangekuwa wengi zaidi. Kinachoweza kuifunga mikono ya dola ni uwajibikaji: kila risasi inayotolewa ghalani iwe na jina la aliyekabidhiwa, kila kifo kichunguzwe, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ipewe fedha, wachunguzi na ushirikiano badala ya milango iliyofungwa. Anayetaka raia aiweke silaha chini sharti awe mkali vivyo hivyo kwa anayeibeba kwa niaba ya raia.

Nini kifanyike?

Makala haya hayapendekezi kwamba kila leseni ifutwe. Mfugaji aliye mpakani, mlengaji shabaha wa michezo, au mtu ambaye maisha yake yametishiwa kwa ushahidi anaweza kuwa na sababu ya kusikilizwa. Yanapendekeza kuwa ruhusa iwe nadra, iwe na sababu iliyoandikwa, na isitolewe kwa cheo wala kwa ukwasi. Kabla ya leseni kutolewa au kuhuishwa, mume au mke wa mwombaji na majirani zake wahojiwe kwa siri, kwa kuwa wao ndio wanaozijua hasira zake. Mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa mwaka 2013 unaweza kutumika kwa kazi hii badala ya kubaki jina katika hotuba.

Pili, juhudi za kuzikusanya silaha haramu ziendelezwe. Kenya ilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo mwezi wa Aprili 2004, na mwezi wa Novemba 2016 serikali iliteketeza huko Ngong zaidi ya bunduki 5,000. Moto huo ulikuwa mzuri, lakini ukilinganishwa na makadirio ya 750,000 ulikuwa cheche. Vizuizi vya polisi katika barabara za kutoka Garissa na Isiolo vipime mizigo, visipime mifuko ya madereva. Tatu, maafisa wanaobeba silaha wapate ushauri nasaha wa mara kwa mara, na kuuomba kusihesabiwe kuwa udhaifu. Nne, kaunti ipeleke taa mitaani kabla ya kupeleka mabango. Mtaa wenye taa humlinda mama mboga na tajiri kwa pamoja. Bastola haina uwezo huo.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na chama cha Kiswahili. Uhusiano upo. Mitaani bastola imepewa jina la mguu wa kuku, kana kwamba ni kitoweo. Majina ya mzaha huyafanya mambo mazito yabebeke kwa wepesi, na kijana anayelizoea jina huwa nusu ya njia kukizoea kitu. Wataalamu wa isimujamii wana hapa uwanja wa utafiti ambao haupo mbali na mabweni yao ya Juja, Thika, Ruiru na Kahawa.

Zaidi ya hayo, Katiba katika kifungu cha 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ilhali Sura ya 114 huandikwa na kusomwa kwa Kiingereza. Mwananchi anaweza kufungwa kwa sheria asiyoweza kuisoma, na jirani wa mwenye bunduki hajui kuwa sheria inazingatia ulevi na afya ya akili ya mwenye bunduki huyo. Vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vina vijana wanaosomea tafsiri na wahadhiri wanaowasimamia. Kuitafsiri sheria hiyo kwa Kiswahili chepesi, ikaguliwe na wanasheria na kusambazwa katika barabara za vijiji na katika vyumba vya mikutano ya machifu, ni kazi ya muhula mmoja ambayo faida yake ingedumu.

Hitimisho

Hofu ya wakazi wa Thika na Ruiru ni ya kweli na haistahili kudharauliwa. Aliyevamiwa haponywi kwa takwimu. Lakini dawa ya hofu yake imo katika kuidai dola kile ambacho kila raia anakilipia kodi, na kuidai kwa sauti moja, tajiri na maskini. Jamii ikikubali kuwa kila mwenye nacho ajinunulie usalama wake dukani, itakuwa imekubali kuwa asiye nacho hana haki ya kulala usingizi. Ukoloni uliwahi kuufuata mgawanyo huo katika mashamba haya haya. Hakuna sababu ya wajukuu wa walionyimwa kuurudisha kwa hiari yao.